Aikoni inayokatwa ncha na mwanga mweupe wa kufungulia

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Mwanga hapa Kigoma. Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya simu ya kuonyesha bei za dagaa, migebuka na mawese kwa wafanyabiashara wa Kibirizi na Ujiji. Tumetumia Flutter, ile zana ya Google ya kutengenezea programu za Android na iPhone kwa msimbo mmoja. Nembo yetu ni mtumbwi wenye taa, na chini yake jina la programu. Toleo la kwanza, kwenye simu mpya nembo ilionekana ndogo sana katikati ya duara jeupe. Tukafuata maelekezo ya video moja. Toleo la pili mtumbwi ukajaa vizuri, ila sasa umekatwa ncha zote mbili na jina halisomeki. Cha ajabu, kwenye Tecno yangu ya zamani aikoni ni mraba safi kwa matoleo yote mawili. Halafu programu ikifunguliwa, kwenye simu nyingine inakuja skrini nyeupe, kwenye nyingine duara lenye aikoni, ndipo inakuja skrini yetu wenyewe tuliyoipangia ikae sekunde tatu. Mvuvi mmoja katulalamikia kwamba ule mwanga unampiga machoni akiwa ziwani usiku. Tunataka tuyadhibiti haya mambo sisi wenyewe. Na je, tukitaka aikoni ibadilike wakati wa Nane Nane, inawezekana?"

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kazi. Umeuliza mambo kadhaa lakini yana shina moja: mnadhani aikoni na skrini ya kufungulia ni mali yenu. Vyote viwili vinachorwa na simu, tena kabla programu yenu haijaamka. Aikoni inachorwa na lancha, yaani ile programu ya simu inayopanga aikoni kwenye skrini ya mwanzo. Skrini ya kufungulia inachorwa na mfumo wa Android wenyewe. Ninyi mnachokabidhi ni malighafi: picha, rangi na maelezo machache kwenye faili za XML. Udhibiti mnaoutaka upo, ila unapatikana kwenye kuandaa hiyo malighafi. Mkijaribu kushindana na simu, mtapata hayo mliyoyapata.

Tuanze na hiyo Tecno yako, maana ndiyo inayokupotosha. Bila shaka ina Android iliyo chini ya 8. Huko nyuma aikoni ilikuwa picha tu: unaweka faili ya PNG, simu inaionyesha kama ilivyo, iwe mraba, duara au nyota. Android 8.0 ilipotoka mwaka 2017 utaratibu ulibadilika. Aikoni ikawa na matabaka mawili, la nyuma na la mbele, na lancha ikapewa mamlaka ya kuyakata kwa umbo inalolitaka. Simu moja inakata duara, nyingine inakata mraba wenye kona za mviringo, nyingine umbo la tone. Lengo ni aikoni zote za kwenye simu moja zifanane umbo. Kwa hiyo acha kuitumia Tecno hiyo kuamua kama aikoni imekaa sawa. Itakwambia ni nzuri kila siku.

Toleo lenu la kwanza lilikuwa na picha ya mtindo wa zamani peke yake, bila matabaka. Lancha nyingi za Android 8 na kuendelea zikikutana na picha kama hiyo huipunguza na kuitandikia weupe chini ili ilingane na wenzake. Ndilo duara jeupe mliloliona. Toleo la pili mliweka matabaka, lakini tabaka la mbele mkalijaza nembo mpaka pembeni. Lancha ikafanya kazi yake: ikakata.

Sasa vipimo, na hapa naomba usome taratibu. Vinahesabiwa kwa dp, kipimo cha Android ambacho kila simu hukigeuza kuwa pikseli kulingana na kioo chake. Kila tabaka lina dp 108 kwa 108. Kati ya hizo, kinachoonekana kwa kawaida ni eneo la katikati la dp 72 kwa 72. Zile dp 18 zinazobaki kila upande ni akiba ya mfumo, kwa ajili ya miondoko kama aikoni kucheza kidogo unapoiburuta. Ndani ya hizo dp 72 ndipo umbo la kukatia linapopita. Mahali ambapo hakuna umbo lolote linalopagusa ni duara lenye kipenyo cha dp 66 katikati kabisa. Ni kama kitambaa cha kumpelekea fundi cherehani: unampa kinachozidi kipimo, na ua unalotaka likae kifuani hulichori kwenye ukingo.

Tuyageuze yawe pikseli, kwa sababu ndivyo mbunifu wenu atakavyochora. Kwenye folda ya xxxhdpi, yaani ya picha za vioo vyenye pikseli nyingi zaidi, dp 1 ni pikseli 4. Turubai yenu basi ni pikseli 432 kwa 432, eneo linaloonekana ni 288 kwa 288, na duara salama lina kipenyo cha 264. Mkichora kwenye turubai kubwa zaidi, shikeni uwiano: duara salama ni kama asilimia 61 ya upana wote.

Mtumbwi una tabu yake ya pekee kwa sababu ni mrefu na mwembamba. Ukiulaza katikati kabisa ya duara, unaweza kuwa na urefu wa pikseli 264 na ncha zake zikagusa mpaka tu. Lakini ninyi mna taa juu ya mtumbwi, kwa hiyo lazima mtumbwi ushuke kuiachia taa nafasi. Ukiushusha pikseli 60 chini ya kitovu, upana wa duara mahali hapo umeshapungua na kubaki kama pikseli 235. Ukiuacha na urefu wake wa 264, pikseli 14 hivi za kila ncha zinatoka nje ya duara salama na zinaweza kukatwa, na ncha ndizo zinazomfanya mtu atambue kwamba ule ni mtumbwi na siyo bakuli. Ushauri wangu: fupisheni mtumbwi, inueni ncha zake kidogo zifuate mzingo wa duara, na taa iwe kubwa kuliko mnavyodhani inafaa.

Jina liondoeni kwenye aikoni, wala msilipigie hesabu. Aikoni ikishakaa kwenye kioo haizidi sana sentimita moja. Herufi zilizobanwa chini ya mtumbwi zitakuwa vumbi. Isitoshe lancha huliandika jina chini ya aikoni yenyewe, ikilichukua kwenye android:label ndani ya faili ya AndroidManifest.xml. Hakikisheni tu jina hilo ni fupi. Likizidi, lancha italikata na kuweka nukta, na mteja atabaki na nusu ya jina lenu.

Faili inayounganisha matabaka inaitwa ic_launcher.xml na inakaa kwenye folda ya res/mipmap-anydpi-v26 (v26 ni namba ya ndani ya Android 8.0). Ndani yake ni mistari michache tu:

```
<adaptive-icon xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android">
    <background android:drawable="@color/bluu_ya_ziwa"/>
    <foreground android:drawable="@drawable/mtumbwi_mbele"/>
    <monochrome android:drawable="@drawable/mtumbwi_rangi_moja"/>
</adaptive-icon>
```

Tabaka la nyuma linaweza kuwa rangi tupu, na kwenu ninyi rangi tupu inatosha. Bluu iliyokolea ya ziwa inakwenda vizuri na mtumbwi na taa, na tutaitumia tena chini kumtibu yule mvuvi. Tabaka la mbele liwe na uwazi pande zote za mchoro. Likiwa na weupe nyuma ya mtumbwi, bluu yenu haitaonekana kamwe.

Tabaka la tatu, la rangi moja, lilikuja na Android 13. Mwenye simu akichagua aikoni zenye mandhari, mfumo huchukua umbo la mchoro wenu na kulipaka rangi inayotokana na picha ya ukutani ya simu yake. Rangi zenu hazihesabiki hapo, kinachohesabika ni umbo tu. Kwa hiyo mtumbwi na taa vikigusana vinakuwa doa moja lisiloeleweka. Acheni upenyo kati ya taa na mtumbwi, na kama taa ina kioo, kikateni kiwe tundu. Msipoliweka tabaka hili hakuna kitakachoharibika, ila aikoni yenu inaweza kubaki na rangi zake katikati ya aikoni nyingine zilizovaa sare.

Wale wenye simu za zamani, wewe ukiwa mmojawapo, bado wanahitaji picha za mtindo wa zamani kwenye folda za mipmap: pikseli 48, 72, 96, 144 na 192, kutoka mdpi, ya vioo vya pikseli chache, mpaka xxxhdpi. Kwa mikono ni kazi ya kuchosha. Kwa kuwa mko kwenye Flutter, kuna kifurushi kiitwacho flutter_launcher_icons kinachozalisha vyote. Maelekezo yake yanaandikwa kwenye pubspec.yaml, faili ya mipangilio ya mradi wenu:

```
flutter_launcher_icons:
  android: true
  ios: true
  remove_alpha_ios: true
  image_path: "assets/aikoni/mraba.png"
  adaptive_icon_background: "#0B3C5D"
  adaptive_icon_foreground: "assets/aikoni/mbele.png"
  adaptive_icon_foreground_inset: 0
  adaptive_icon_monochrome: "assets/aikoni/rangi_moja.png"
```

Kisha mnaendesha `dart run flutter_launcher_icons`. Angalieni sana ule mstari wa inset, yaani ukingo mtupu kuzunguka mchoro. Matoleo ya karibuni ya kifurushi hiki huongeza ukingo wake chenyewe, asilimia 16 kila upande, kwa nia njema ya kuwaokoa wanaojaza picha mpaka pembeni. Ninyi mkishaacha nafasi kwenye mchoro, na chenyewe kikaacha tena, mtumbwi utarudi kuwa mdogo kama wa toleo la kwanza na mtahangaika kutafuta kosa lilipo. Chagueni mmoja aache nafasi: ama mbunifu kwenye mchoro, ama kifurushi. Mkimaliza, fungueni ic_launcher.xml mjionee kama kuna neno inset na thamani yake ni ngapi.

Mkibadilisha aikoni na simu ikaendelea kuonyesha ya zamani, msianze kubomoa. Lancha huhifadhi picha za aikoni ili isizisome kila mara. Ondoeni programu, muisakinishe upya, ikibidi muiwashe simu upya. Na kabla hata ya kufika kwenye simu, Android Studio ina chombo cha Image Asset kinachowaonyesha mchoro ukiwa umekatwa kwa maumbo mbalimbali. Kitumieni hata kama faili zenyewe mnazizalisha kwa njia nyingine.

Aikoni ya Play Store ni faili tofauti, pikseli 512 kwa 512, inayopakiwa kwenye ukurasa wa programu. Hiyo ijazeni mraba wote. Msizungushe kona wenyewe, duka linazizungusha. Kwa iPhone ni hivyohivyo: picha moja ya pikseli 1024 kwa 1024, mraba kamili, isiyo na uwazi wowote, na mfumo utazungusha kona. Ndiyo maana nimeweka remove_alpha_ios pale juu. Wateja wenu kwa unavyoeleza ni watu wa Android, kwa hiyo iPhone siikalii zaidi ya hapo.

Haya, tuje kwenye mwanga.

Mtu akigusa aikoni, Android inapaswa kuonyesha kitu papo hapo, wakati programu yenu bado inapakiwa kwenye kumbukumbu. Kabla ya Android 12, kitu hicho kilikuwa dirisha tupu lililopakwa ile android:windowBackground, yaani rangi au picha ya nyuma ya dirisha, iliyoandikwa kwenye mandhari (theme) ya programu. Kwenye mradi wa Flutter mandhari hiyo inaitwa LaunchTheme, iko kwenye styles.xml, na inaelekeza kwenye launch_background.xml ambayo mradi mpya unazaliwa nayo ikiwa nyeupe. Hiyo ndiyo skrini nyeupe ya mvuvi wenu. Hakuna aliyeichagua, hakuna tu aliyeibadilisha.

Kuanzia Android 12, ya mwaka 2021, mfumo unaweka skrini ya kufungulia kwenye kila programu, utake usitake: rangi ya nyuma na aikoni katikati. Hamuwezi kuizima. Ndilo duara mnaloliona. Mkija na skrini yenu baada ya hapo, mteja anaonyeshwa nembo mara mbili mfululizo kabla hajaona bei hata moja. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya kwenye msimbo wenu leo ni kufuta ule ukurasa wa sekunde tatu. Mchuuzi wa Kibirizi anayeangalia bei mara kumi kwa siku anatumia nusu dakika nzima kuutazama mtumbwi wenu. Mtumbwi anao pale ufukweni, ameuona.

Najua kwa nini mliuweka: mlitaka programu ionekane ya kitaalamu. Programu ya kitaalamu ni ile inayofunguka.

Baada ya kuufuta, ipeni ile skrini ya mfumo malighafi nzuri. Mnaweza kuiandika wenyewe kwenye res/values-v31/styles.xml (v31 ni namba ya ndani ya Android 12):

```
<style name="LaunchTheme" parent="@android:style/Theme.Black.NoTitleBar">
    <item name="android:windowSplashScreenBackground">@color/bluu_ya_ziwa</item>
    <item name="android:windowSplashScreenAnimatedIcon">@drawable/mtumbwi_kufungulia</item>
</style>
```

Hapa kuna mtego ambao umewatesa wengi. Mradi wa Flutter unakuja na folda ya values-night, inayotumika simu ikiwa kwenye hali ya giza. Android inapochagua folda, hali ya giza inatangulia namba ya toleo. Kwa hiyo kwenye simu ya Android 12 iliyowekwa hali ya giza, mfumo utachukua values-night na kuiruka kabisa values-v31 mliyoihangaikia. Mchana inafanya kazi, usiku haifanyi, na ninyi mnalala usiku. Dawa ni kuweka folda nyingine iitwayo values-night-v31 yenye mistari ileile.

Mkitumia kifurushi cha flutter_native_splash mtaepuka sehemu kubwa ya hayo, maana kinazalisha folda zote hizo kwa amri ya `dart run flutter_native_splash:create`. Ila kina sehemu mbili, ya Android za zamani na ya Android 12, na kila moja inataka kujazwa. Ukijaza ya kwanza peke yake, simu mpya zitaendelea kuonyesha aikoni ya kawaida, nawe utadhani kifurushi kimegoma.

Picha ya katikati nayo inakatwa duara, ugonjwa uleule wa aikoni. Isipokuwa na rangi ya nyuma yake yenyewe, chora kwenye turubai ya pikseli 1152 kwa 1152 na mchoro usitoke nje ya duara la kipenyo cha 768. Ikiwa na rangi yake ya nyuma, turubai ni 960 na duara ni 640. Mfumo pia unaruhusu picha ya chapa chini ya skrini, dp 200 kwa 80, lakini Google wenyewe hawashauri kuitumia, na mimi naungana nao. Mnaweza pia kuweka mchoro unaocheza, usiozidi sekunde moja. Achaneni nao. Taa inayowaka na kuzimika kwa sekunde moja ni kazi ya siku nzima ya mbunifu ambayo mteja ataiona mara ya kwanza tu, baada ya hapo inamchelewesha.

Kuhusu yule mvuvi, fikirini anachokiona. Yuko gizani, taa za kuvutia dagaa hazijawashwa, macho yameshazoea giza, anatoa simu aangalie bei ya jana. Weupe unampiga usoni. Wengi watakwambia weka skrini nyeupe kwa mchana na nyeusi kwa hali ya giza. Hilo linafanya kazi ikiwa mwenye simu ameweka hali ya giza, na watu wengi hawajawahi kuigusa mipangilio hiyo. Mimi ningeweka bluu iliyokolea hiyohiyo kwa hali zote mbili, mchana na usiku. Juani bado inaonekana, gizani haiumizi, na inafanana na aikoni aliyoigusa sekunde moja iliyopita.

Lakini msiishie hapo. Flutter ina mandhari ya pili, NormalTheme, inayoshika baada ya skrini ya kufungulia na kukaa nyuma ya kila mnachochora. Hiyo nayo ipakeni bluu, la sivyo weupe utapenya hapa na pale, kwa mfano simu inapogeuzwa. Na ukurasa wa kwanza wa bei, kama ni mweupe, mtakuwa mmeusogeza mwanga mbele kwa sekunde moja tu. Wekeni mandhari meusi kamili ndani ya programu na kitufe kinachoonekana cha kuyachagua, badala ya kutegemea mipangilio ya simu peke yake. Malalamiko ya mvuvi yalianzia kwenye skrini ya kufungulia kwa sababu ndiyo ya kwanza kumkuta.

Kuna swali hukuliuliza ila naliona ndani ya barua yako: kwa nini skrini ya mfumo inakaa muda mrefu? Skrini hiyo huondoka programu inapochora fremu yake ya kwanza, yaani picha yake ya kwanza kwenye kioo. Kwenye Flutter, chochote mnachokisubiri ndani ya main, pale msimbo wenu unapoanzia, kabla ya kuita runApp inayoanza kuchora, kinarefusha muda huo. Nakisia mnasubiri bei kutoka kwenye seva. Mjini Kigoma mtandao ukiwa mzuri hamtahisi. Katikati ya ziwa, au mtu akiwa njiani kuelekea Gombe, programu itakwama kwenye mtumbwi mpaka muunganisho ukate tamaa. Hifadhini bei za mwisho kwenye simu, zionyesheni mara moja zikiwa na tarehe na saa yake, halafu ndipo mtafute mpya nyuma ya pazia. Mfanyabiashara anajua kuishi na bei ya jana kama ameambiwa ni ya jana.

Kifurushi cha flutter_native_splash kina amri ya preserve ya kuizuia skrini isiondoke, na remove ya kuiachia. Zinafaa kwa kazi fupi ya ndani ya simu, kama kusoma kama mtu ameshaingia kwenye akaunti au bado. Zikitumika kusubiri mtandao ni hatari: kosa likitokea katikati na remove isiitwe, mteja atabaki na mtumbwi kwenye kioo milele, bila ujumbe wowote. Wekeni remove mahali ambapo itaitwa hata mambo yakiharibika.

Pimeni, msikisie. Unganisha simu na kompyuta, na kwa adb, chombo cha Android cha kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta, izime programu kabisa kwa `adb shell am force-stop`, kisha ianzishe kwa `adb shell am start -W` ukitaja jina la kifurushi cha programu na shughuli (activity) yake ya kufungulia. Itakupa TotalTime kwa milisekunde. Google kwenye takwimu za Play huhesabu kuanza kwa baridi, yaani programu ikiwa haimo kabisa kwenye kumbukumbu, kuwa kumepita kiasi kukifika sekunde 5. Kuanza kwa uvuguvugu, sehemu yake ikiwa bado imo kwenye kumbukumbu, sekunde 2. Na kuanza kwa moto, ikiwa imo yote na inarudishwa tu mbele, sekunde 1.5. Mpime kwa toleo la kutolewa, siyo la kutafutia makosa. Toleo la kutafutia makosa la Flutter ni zito kwa asili na litakutisha bure. Na hapa ile Tecno yako ya zamani inarudi kwenye kazi: kwa aikoni haifai kuwa hakimu, lakini kwa kasi ndiyo hakimu mkali kuliko wote mlio nao.

Jambo dogo la kupimia skrini yenyewe: kwenye Android 12, ukiianzisha programu kutoka kwenye kompyuta, mara nyingi aikoni ya katikati haionekani, unaona rangi tupu. Ukiianzisha kutoka kwenye arifa inaweza kuwa hivyo pia. Msilihesabu kuwa kosa lenu. Gusa aikoni kwa kidole kwenye skrini ya mwanzo, kama atakavyogusa mteja, ndipo utoe hukumu. Android 13 ilileta kipengele cha android:windowSplashScreenBehavior cha kuomba aikoni ionekane hata katika hali hizo, ila kwa simu za 12 hakisaidii.

Nane Nane sasa. Inawezekana, na sikushauri.

Kwenye Android, njia ni activity-alias. Mnaandika kwenye AndroidManifest.xml majina mawili ya bandia yanayoelekea kwenye MainActivity ileile, yaani mlango mkuu wa programu, kila moja na aikoni yake. Moja limewashwa, jingine limezimwa. Ule mstari wa LAUNCHER, unaoiambia lancha iweke aikoni, unahamia kwenye majina hayo na kuondoka kwenye MainActivity. Siku ikifika, programu inawasha la pili na kuzima la kwanza kwa setComponentEnabledSetting. Picha zote lazima ziwe zimo ndani ya programu tangu mwanzo; aikoni mpya haiwezi kupakuliwa mtandaoni. Kwenye iPhone ipo setAlternateIconName tangu iOS 10.3, na mfumo humwonyesha mtu ujumbe kwamba aikoni imebadilishwa.

Shida ya Android ni baada ya hapo. Kwa macho ya lancha, kilichotokea ni kwamba kitu kimoja kimefutwa na kingine kimezaliwa. Aikoni aliyoiweka mteja kwenye ukurasa wa kwanza wa simu inaweza kutoweka, na mtu asiyeiona mahali alipoizoea anaamini programu imefutika. Mbaya zaidi inakuja Septemba. Mkitoa toleo jipya na kuliondoa lile jina la Nane Nane wakati kwenye simu za watu ndilo lililowashwa na la kwanza bado limezimwa, programu itakuwepo kwenye simu bila mlango. Kuanzia Android 10 mfumo huweza kuweka aikoni ya dharura inayompeleka mtu kwenye ukurasa wa taarifa za programu, na hapo hakuna bei ya dagaa. Kwa hiyo jina la bandia likishatoka kwa wateja mtaishi nalo kwenye kila toleo linalofuata.

Kama mnakwenda kwenye maonyesho ya Kanda ya Magharibi kule Ipuli, Tabora, badilisheni picha za ukurasa wenu wa Play Store kwa wiki hiyo, jambo ambalo halihitaji toleo jipya la programu, na wekeni bango ndani ya ukurasa wa bei. Aikoni iacheni palepale mkono wa mteja unapoijua.

Anzeni na kufuta zile sekunde tatu, kisha rangi ya bluu kwenye folda zote nne za mandhari: values, values-night, values-v31 na values-night-v31. Hizo mnaweza kuzimaliza jioni moja. Mchoro mpya wa mtumbwi utachukua muda kulingana na mbunifu wenu. Mkipima kwenye Tecno na TotalTime ikabaki juu ya 5000 hata baada ya kuondoa kusubiri seva, nitumie sehemu ya main mpaka kwenye runApp niiangalie.